Kabla ya Kuhukumu Betri, Pima Pampu ya Kulanti

Pembetatu nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi ya Prius au Aqua, neno la kwanza kusikika gereji mara nyingi ni kwamba betri kubwa imekwisha. Mwenye gari huondoka hapo akiwaza mkopo. Msimamo wangu ni kwamba betri isihukumiwe, wala inveta, kabla ya kupimwa kitu kidogo kinachoshikika kwa mkono mmoja: pampu ya umeme inayozungusha kulanti. Ni spea ya bei ya chini ukilinganisha na hizo mbili, kuipima huchukua dakika chache, na ikifa huleta dalili zinazofanana sana na za maradhi makubwa.

Gari la haibridi la Toyota lina mizunguko miwili ya kulanti isiyochangamana. Mmoja ni wa injini, unaojulikana na kila fundi. Wa pili unapoza inveta, lile boksi la chuma linalogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kuendesha mota. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu betri ina takriban volti 200, na mfumo huupandisha umeme huo hadi volti 650. Kwenye Aqua hutoka 144 hadi 520. Transista zinazofanya kazi hiyo hutoa joto jingi katika eneo dogo, na haziwezi kuvumilia joto ambalo kwa injini ni la kawaida. Ndiyo maana inveta ina rejeta yake, tanki lake na pampu yake, na ndiyo maana taa ya joto la injini haiwezi kukuambia lolote kuhusu inveta. Injini inaweza kuwa salama kabisa huku inveta ikiungua. Tangu Prius ya 2010, na hata kwenye Aqua, pampu ya injini nayo inaendeshwa kwa umeme. Hakuna belti. Fundi aliyezoea kusikiliza belti ikilia au bearingi ikikwaruza hatasikia onyo alilolizoea.

Pampu ya inveta inapochoka, gari huenda vizuri asubuhi, kisha mchana kwenye foleni au mlimani linapungua nguvu, linawasha taa, pengine linazima. Likipumzishwa nusu saa, linawaka kama halikuwa na kitu. Tabia hiyo ya kupona lenyewe baada ya kupoa ni ushahidi mzito, kwa sababu seli za betri zilizokufa hazifufuki kwa kupumzishwa kivulini. Kompyuta ndiyo iliyopunguza nguvu ili kuiokoa inveta.

Kuna atakayesema kwamba ubishi huu hauna haja, maana mashine ya kupima husoma kodi na kodi hutaja ugonjwa. Ni kweli kwa nusu. P0A80 huelekeza kwenye betri kubwa, na P0A93 huelekeza kwenye upozaji wa inveta. Fundi anayebadilisha betri wakati kodi iliyosomwa ni P0A93 hana utetezi. Lakini P0A93 haisemi pampu imekufa. Inasema joto la inveta limepanda kuliko inavyotarajiwa. Huenda kulanti imepungua, hewa imenaswa kwenye mabomba, feni haizunguki, au rejeta imezibwa na vumbi. Kodi inakuonyesha mtaa tu. Nyumba utaitafuta mwenyewe.

Kuitafuta kunaanza na macho. Inveta ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha tanki lake, weka gari katika hali ya READY, kisha tazama uso wa kulanti. Pampu nzima huufanya utibuke: maji ya waridi yanasukumana na kuzunguka. Uso ukitulia kama maji ya mtungi, na kiwango kiko sawa, basi hakuna mzunguko. Shika mwili wa pampu kwa vidole, kwani nzima hutetemeka kidogo. Kisha pima plagi yake kwa mita. Umeme wa volti 12 na ethi vikifika na pampu ikawa bubu, kosa karibu hakika ni lake, ila kwenye pampu zinazosubiri amri ya kompyuta ni lazima mashine itumike kuiamuru izunguke kabla ya kuihukumu. Umeme usipofika, nenda kwenye fyuzi. Kama imekatika, usiweke kubwa zaidi. Novemba 2012 Toyota iliita baadhi ya magari yake ya haibridi yarudi kurekebishwa, yakiwemo Prius ya kizazi cha pili, kwa sababu ya pampu hii hii: ingeweza kusimama, na katika hali chache kukata fyuzi na kuzima gari barabarani. Fyuzi hukatika kwa sababu pampu mbovu huvuta umeme kupita kiasi. Ukiilazimisha kwa fyuzi kubwa, unahamishia moto kwenye nyaya.

Kuibadilisha si kazi ya kutisha. Pampu yenyewe ni ya volti 12, kwa hiyo nyaya za rangi ya chungwa za umeme mkubwa haziguswi. Lakini zima gari, weka ufunguo mbali, na toa waya hasi wa betri ndogo, kwa sababu gari lililo READY linaweza kuwasha injini bila kukuarifu. Kinachoharibu kazi nzuri ni hewa. Pampu hizi ni ndogo, na povu likikaa ndani yake husukuma upepo badala ya kulanti. Jaza tanki, washa, acha pampu izunguke, kiwango kikishuka zima, ongeza, rudia mpaka mapovu yaishe na sauti ya pampu itulie. Fundi asiye na subira hurudisha gari lenye pampu mpya na kodi ileile, kisha inveta inalaumiwa.

Kuhusu pampu ya mtumba, hoja ya bei naielewa. Lakini iliyotoka kwenye gari lililochinjwa ina umri uleule wa iliyokufa, na hakuna anayejua ilikauka mara ngapi. Wengine hujaza maji ya bomba wakisema huku kwetu hakuna barafu. Kulanti haizuii barafu peke yake. Inazuia kutu kwenye aluminiamu, na chumvi za maji huacha magamba yanayoziba njia nyembamba za inveta. Kulanti ya waridi ya Toyota imepangiwa kukaa hadi kilomita 240,000 katika mzunguko wa inveta kabla ya kubadilishwa mara ya kwanza, maji ya bomba hayakaribii hapo. Na wale wanaotoa thamostati ya injini ili gari lisichemshe wanaua faida yenyewe ya haibridi: injini isiyofikia joto lake haizimwi na kompyuta, inaendelea kula mafuta hata gari likisimama kwenye taa.

Baada ya kazi, futa kodi, endesha gari mlimani au kwenye foleni ndefu, liache lipoe usiku kucha, kisha asubuhi tazama tena kiwango kwenye tanki. Kikishuka, ongeza na utafute uvujaji kwenye viungo vya mipira uliyoifungua.