Toba Isiyofika kwa Jirani

Mkristo aliyemdhulumu mwenzake anaweza kutubu maisha yake yote bila kuonana uso kwa uso na huyo aliyemdhulumu. Akiwa Mkatoliki ataenda kwa padre kuungama. Akiwa Mlutheri au Mwanglikana atasema ungamo la pamoja na usharika mzima Jumapili asubuhi. Akiwa Mpentekoste atapita mbele aombewe. Kote huko anamwomba Mungu msamaha, na ni vema. Lakini aliyedhulumiwa yuko kwake, na haki yake haijarudi.

Maandiko hayakuitenganisha toba na jirani. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinamtaka mkosaji aungame, arudishe alichochukua kikamilifu, kisha aongeze sehemu ya tano. Kwa hesabu zetu, aliyekula shilingi 50,000 za mtu anarudisha 60,000. Na fedha hiyo anapewa aliyekosewa mwenyewe. Inakwenda kwa kuhani pale tu ambapo aliyekosewa hayupo tena wala hana jamaa wa kuipokea. Yesu naye, katika Mathayo 5, anamwambia mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Zakayo hakusubiri kuambiwa: aliahidi kurudisha mara nne. Na Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anawataka waumini waungamiane wao kwa wao.

Kanisa la mwanzo lililichukua jambo hili kwa uzito. Didake, mwongozo ambao wataalamu wengi huukadiria kuwa wa mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, unaagiza kwamba wenye ugomvi wasikutane na wenzao kwenye ibada mpaka wapatane. Kwa dhambi nzito toba ilikuwa ya hadharani, hata kwa wakubwa. Mwaka 390, baada ya mauaji ya halaiki yaliyofanywa na askari wake kule Thesalonike, Kaizari Theodosio alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana na Ambrosi, askofu wa Milano, mpaka alipotubu mbele ya watu.

Utaratibu huo ulikuwa mkali, na ukali wake uliwafanya wengi waahirishe toba hadi kitandani mwa mauti. Ndipo mapokeo yakaanza kugeuka. Mwaka 459 Papa Leo wa Kwanza alikataza dhambi za watu kuandikwa na kusomwa hadharani. Alisema kuungama kwa kuhani faraghani kunatosha. Watawa wa Ireland wakaeneza kitubio cha siri barani Ulaya, na Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukamwagiza kila muumini aungame kwa padre walau mara moja kwa mwaka. Kila hatua ilikuwa na sababu njema, kwa maana aibu ya hadharani iliwavunja watu. Hata hivyo, jirani alizidi kusogezwa pembeni.

Si haki kusema kwamba makanisa yalimsahau kabisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha wazi kwamba mwizi lazima arudishe alichoiba. Katekisimu Ndogo ya Luther inamtaka anayeungama ajipime katika nafasi yake, kama baba, mama, bwana au mtumishi, aone ni nani amemuumiza kwa neno au kwa tendo. Mafundisho yapo vitabuni. Kilichopotea ni desturi ya kuyatenda.

Afrika Mashariki iliwahi kuirudisha desturi hiyo. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulisambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake, walioitwa walokole, walijulikana kwa kuweka mambo nuruni. Watu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni ya zamani, waliwaendea maadui zao kuomba radhi. Palikuwa na makosa pia: wengine waliungama uzinzi mbele ya umati na kuziumiza ndoa ambazo zingeweza kuponywa kwa utulivu. Kwa maoni yangu kipimo kizuri ni hiki: ungamo lifike pale kosa lilipofika, lisivuke hapo. Uliyemkosea mtu mmoja, mwendee huyo mmoja.

Leo sharika nyingi bado zina toba ya hadharani, ila imebaki kwa makosa machache sana. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa anatengwa, kisha siku ya kurudi kundini anasimamishwa mbele ya watu wote, wakati kijana aliyempa mimba mara nyingi hata jina halitajwi. Hapo hapo, kwenye benchi la mbele, ameketi mtu asiyemlipa dada wa kazi mshahara wake kwa miezi kadhaa. Yuko aliyesogeza mpaka wa shamba la mjane, na yuko aliyezila fedha za kikundi cha kukopeshana. Hakuna mzee wa kanisa aliyewauliza neno. Hili linaniuma, kwa sababu tumerithi adhabu ya hadharani tukaacha malipo, na adhabu yenyewe tunampa asiye na nguvu.

Wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa, wiki ya maandalizi ya Meza ya Bwana waulizeni waumini swali moja la wazi: ni nani unapaswa kumwomba msamaha, na ni nani anakudai haki yake? Tengeni siku ya kuwasindikiza wanaoogopa kwenda peke yao. Nawe msomaji, kama una mshahara wa mtu mfukoni, mpelekee kabla ya Jumapili, na uongeze ile sehemu ya tano.