Ukishuka Bugarama, sikiliza injini ya pikipiki

WAFANYABIASHARA wa mpakani na wananchi waliorejea Burundi, ambao husafirisha mizigo kwa pikipiki kati ya Bugarama na Bujumbura, wanapaswa kuifahamu vizuri kabureta.

Bugarama ipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, ipo karibu mita 800 tu. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo fundi hupunguza petroli ili injini isitoe moshi mweusi. Pikipiki hiyo ikishuka ziwani hukutana na hewa nzito, na petroli huwa haitoshi.

Dalili ni hizi: injini hutulia choki ikivutwa tu, husita ukivuta mafuta, hulipua kwenye bomba la moshi ukipunguza mwendo, na plagi hutoka nyeupe badala ya kahawia.

Kabla ya kubadili jeti, tafuta hewa inayopenya. Injini ikinguruma polepole, nyunyizia maji ya sabuni kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Mngurumo ukibadilika, hewa inapenya hapo, badilisha mpira. Ukiwa mzima, safisha jeti kwa upepo wa pampu, si kwa waya, maana waya hupanua tundu. Tatizo likibaki, weka jeti kubwa zaidi kwa namba moja.

Anayepuuza ajue kuwa joto hutoboa pistoni. Mzigo utalala njiani, na faida ya safari itaishia kwa fundi.