Tronsonezi gani kwa koperative yetu? Pima kazi kwanza, kisha ununue

Mwezi wa kwanza na wa pili ni wakati wa kukata mashamba mapya kandokando ya Kisangani, kabla mvua ya mwezi wa tatu. Ndio wakati huo tunasikia swali moja Lubunga, njia ya Buta na njia ya Ituri: "Tuko na pesa kidogo ndani ya sanduku. Tununue tronsonezi gani?"

Jibu letu: msianze na mashine, muanze na kazi.

Koperative moja tuliyokuwa tunaifuata ilinunua msumeno mkubwa kuliko yote sokoni, juu ulionekana wenye nguvu. Michango ya msimu mzima ikaingia pale. Kumbe kazi yao ilikuwa miti ya pori la miaka mitano na matawi ya kakao. Vijana walichoka kuubeba. Kisha siku moja mtu akatia esansi tupu, bila mafuta ya mashine, na injini ikakwama. Leo uko ndani ya depo, na deni wanaendelea kulipa.

Kila kazi na mashine yake

Ukubwa wa injini unapimwa kwa sentimita za ujazo. Namba hiyo iko ndani ya kitabu cha mashine.

- Kupogoa kakao na kahawa, kukata kuni: 30 mpaka 40, na upanga (chuma kirefu kinachobeba mnyororo) wa sentimita 30 au 35.
- Miti ya pori dogo, akasia za makala, mingazi iliyozeeka: 45 mpaka 60, upanga wa sentimita 40 au 45. Ndiyo inafaa koperative nyingi.
- Kupasua mbao: 70 na kupita. Ile Stihl 070 wanayoipenda wapasuaji iko na karibu 105, na bila upanga inapita kilo 10. Hiyo si ya shamba. Tena, kupasua mbao za kuuza kunaomba kibali. Mashine haikupi kibali.

Kwa majani, tazameni mashine ya kufyekea. Lakini muwe waangalifu: kamba yake ya nailoni inachuna ganda la kakao changa, na mche uliochunwa kuzunguka shina unakufa. Safisheni kwanza nusu ya metre kuzunguka kila mche kwa panga, kisha mashine ipite katikati ya mistari.

Msumeno wa umeme ni mwepesi na bei yake ni ya chini, lakini shambani hakuna waya. Hata mjini umeme wa bwawa la Tshopo unakatika. Kununua jenereta juu ya msumeno ni kulipa mara mbili.

Sokoni

Rangi na jina kwenye mashine havitoshi, juu mashine za kuiga ni nyingi. Muende na fundi. Aiwashe ikiwa baridi, aizime, aiwashe tena ikiwa ya moto. Aangalie breki ya mnyororo: ukiisukuma mbele, mnyororo unapaswa kusimama papo hapo. Kama haina breki, muiache. Mwisho muulize: mnyororo, buji na filtri za aina hii zinapatikana hapa Kisangani? Kama jibu ni "tutaagiza", mtafute ingine.

Esansi na mafuta

Esansi ya kadhafi inaweza kuwa na maji au uchafu. Ichujeni kwa kitambaa safi, muiache itulie, na msimwage ya chini kabisa ndani ya mashine. Kisha mchanganye na mafuta ya injini za aina hiyo. Kama kitabu cha mashine kinasema 1 kwa 50, ni mililita 20 kwa kila litre. Kama ni 1 kwa 25, ni mililita 40. Mchanganyiko ukae ndani ya bidoni yake yenye alama, mtu asiichanganye na ya moto.

Mnyororo nao unaomba mafuta yake. Mafuta machafu ya injini yanaharibu pompi na ngozi yenu. Mafuta ya mawese yanaganda asubuhi ya baridi na kuziba njia.

Mwili hauna vipuri

Ncha ya upanga ikigusa mti, mashine inaruka nyuma kuelekea uso. Msikate kwa ncha, wala juu ya mabega. Bote, kofia ngumu na miwani vinunuliwe siku moja na mashine, sapatu hapana. Mti ukianguka, wengine wakae mbali urefu wa miti miwili. Na msifanye kazi peke yenu: kutoka upande wa Lubunga, mwenye kujeruhiwa anangoja kwanza mtumbwi ndipo afike hospitali ya ng'ambo.

Kabla ya kutoa pesa

Muandike kwenye daftari: siku ngapi kwa mwaka itafanya kazi? Esansi, mafuta, minyororo na tupa vitagharimu pesa gani? Nani ataitunza, na nani atamsimamia? Kama siku ni chache, kukodi mtu na mashine yake kwa juma moja ni afadhali. Pesa inayobaki inunue miche.

Mashine nzuri si ile kubwa. Ni ile ambayo mwaka ujao bado inawaka, na wote walioishika bado wana vidole kumi.