Flashi moja yaweza kuzamisha daftari la mfanyabiashara

RUMONGE, Burundi

Mzigo wa mawese au dagaa unapotoka Rumonge kwenda Bujumbura, Kigoma au Uvira, hauendi peke yake. Unafuatana na ankara, orodha ya bidhaa na barua za wateja. Nyaraka hizo mara nyingi huandikwa kwenye kompyuta ya nyumbani, huingizwa kwenye flashi, kisha hupelekwa duka la fotokopi kuchapwa. Jioni flashi hiyohiyo hurudi nyumbani. Hapo ndipo virusi vya kompyuta hupata nauli ya bure.

Kinachohatarishwa si mashine tu. Kwenye kompyuta hiyo ndimo lilimo daftari la mali kauli: nani amechukua madumu mangapi ya mawese, nani amelipa faranga, na nani wa ng'ambo ya ziwa bado anadaiwa shilingi. Mdaiwa mwaminifu atalipa hata daftari likipotea. Tatizo ni wale wengine.

Flashi iliyogeuka mishale

Ugonjwa unaofahamika sana kwa wenye flashi ni huu: mtu anafungua flashi na kukuta folda zake zimewekewa alama ya mshale mdogo. Hizo si folda tena, ni njia za mkato zilizotengenezwa na virusi. Folda halisi zimefichwa. Anayebofya njia ya mkato huamsha virusi, na papo hapo folda yake hufunguka kama kawaida, hivyo hashuku lolote.

Wengi hukimbilia kufomati flashi, na hapo ndipo hupoteza kila kitu, kwa kuwa kwa kawaida virusi hivyo huficha mafaili tu bila kuyafuta. Utaratibu ulio salama ni kusafisha kompyuta kwanza, kisha kuichunguza flashi kwa programu ya kuzuia virusi, na mwisho kuyafichua mafaili. Kwenye dirisha la amri la Windows huandikwa: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Herufi E hubadilishwa kulingana na herufi ya flashi yenyewe. Folda zikionekana, hunakiliwa kwenye kompyuta iliyokwisha kusafishwa, ndipo flashi inaweza kufomatiwa.

Mlinzi yumo ndani

Si lazima kununua programu. Windows 10 na Windows 11 zina mlinzi wao, Microsoft Defender, asiyelipiwa. Kompyuta iliyowekwa lugha ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi nchini Burundi, humwonyesha chini ya jina Sécurité Windows, kwenye sehemu iitwayo Protection contre les virus et menaces. Mambo mawili hutazamwa hapo: kama ulinzi wa muda wote umewashwa, na tarehe ambayo orodha ya virusi ilisasishwa mara ya mwisho. Mlinzi mwenye orodha ya mwaka jana hawezi kumtambua mwizi wa mwezi huu.

Orodha ikikataa kusasishwa, pa kuanzia ni saa ya kompyuta. Kwenye kompyuta nyingi za mezani saa hushikwa na betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, CR2032. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Kompyuta huona vyeti vya usalama vya mtandaoni kuwa si halali na kukataa kuunganishwa. Kurekebisha tarehe huponya kwa siku hiyo, lakini kubadilisha betri ndiyo dawa yenyewe.

Kikwazo kingine ni gharama ya data. Microsoft hutoa kwenye tovuti yake faili la kusasisha Defender ambalo mtu anaweza kulipakua mahali penye intaneti nafuu, akalibeba kwenye flashi safi na kulifungua nyumbani. Ahakikishe tu kwamba faili linalingana na mfumo wake, wa biti 32 au 64.

Walinzi wawili, mlango mmoja

Kompyuta ikiwa nzito kupita kiasi, huenda ina programu mbili za kuzuia virusi zinazoviziana. Kila moja huchunguza kila faili na kuishuku mwenzake. Huondolewa moja, kisha kompyuta huzimwa na kuwashwa upya. Programu ya majaribio iliyokwisha muda nayo iondolewe kabisa, maana inaweza kumzuia Defender asirudi kazini huku yenyewe ikiwa imelala.

Virusi vikigoma kutoka, Defender ina uchunguzi wa nje ya mtandao. Kompyuta hujizima, hujiwasha na kujichunguza kabla Windows haijaanza. Kazi hiyo huchukua kama dakika 15, kwa hiyo ifanywe wakati umeme ni wa uhakika.

Hatari kubwa kuliko zote huletwa na mwenye kompyuta mwenyewe. Anayeweka Word au Excel ya wizi huambiwa kwanza azime ulinzi ili programu ikubali. Huko ni kumpa mgeni funguo na kumwambia mlinzi akalale. Kwa njia hiyo huingia pia virusi vya utekaji, vinavyofunga mafaili yote na kudai fidia. Zipo programu za ofisi za bure na halali, kama LibreOffice, zinazofungua hesabu za Excel.

Windows yenyewe pia isasishwe. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi mwaka huo. Kwa Windows 10, matengenezo ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Defender itaendelea kupata orodha za virusi hadi Oktoba 2028, lakini mlinzi mwenye macho hazibi ufa wa ukuta.

Nakala ndiyo akiba

Hakuna programu inayokamata kila kitu. Pale inapowezekana, waraka wa kuchapwa utumwe dukani kwa WhatsApp au barua pepe, ili flashi ibaki nyumbani. Daftari la madeni linakiliwe kila wiki kwenye diski ya nje, kisha diski ichomolewe, kwa sababu virusi vya utekaji hufunga pia diski vilivyoikuta imechomekwa. Na madeni makubwa yachapwe kwenye karatasi, yatiwe saini na pande zote mbili. Karatasi haishiki virusi, na mdaiwa hawezi kuikana saini yake.