Heshima si utumwa: Unyenyekevu wa Kikristo unaanzia wapi na unakomea wapi?

Kila Alhamisi Kuu, kanisani kwetu watu 12 huketi mbele, wakavua viatu, na kasisi akawatawadha miguu. Mwaka mmoja nilichaguliwa kuwa miongoni mwao. Nakiri kwamba kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimeisugua miguu yangu kwa jiwe na sabuni na kuvaa soksi mpya, ili kasisi asije akakuta vumbi. Kumbe wenzangu wote walifanya vivyo hivyo. Maji ya bakuli yalimwagwa yakiwa masafi kama yalivyotiwa.

Tulicheka sana tulipogundua. Lakini baadaye nilijiuliza: kama miguu imeshasafishwa, kasisi aliinama kufanya nini?

Nauliza kwa sababu hapa Pwani maneno unyenyekevu, utiifu na kujishusha huhubiriwa karibu kila Jumapili, na si wote wanaoyahubiri wanamaanisha kitu kimoja. Tangu Aprili 2023, hakuna Mkristo wa kaunti ya Kilifi anayeweza kusikia neno utiifu bila kuukumbuka msitu wa Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa humo, wakiwemo watoto, na wengi walionekana kufa kwa njaa. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Kazi yetu waumini ni kujua unyenyekevu ni nini, ili asitokee mtu wa kutuuzia kingine kwa jina hilo.

Tuanze na neno lenyewe. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, katika Yohana sura ya 13, inasema Yesu aliwatawadha wanafunzi miguu. Sisi watu wa Pwani tunalijua neno hilo kila siku. Jirani yangu Mwislamu hutawadha kabla ya swala, akaosha uso, mikono na miguu yake. Yeye hujitawadha mwenyewe, ajiweke tayari mbele ya Mungu wake. Usiku ule Yesu aliwatawadha wengine. Katika nchi yenye vumbi, ambako watu walitembea kwa viatu vya wazi, kumwosha mgeni miguu ilikuwa kazi ya mtumwa wa nyumba. Mwalimu hakuifanya.

Angalia mambo matatu katika habari hiyo, kwa sababu ndiyo mizani yetu.

La kwanza, aliyeinama ni mkubwa. Yohana anaeleza wazi kwamba Yesu alijua mamlaka aliyo nayo kabla ya kuvua vazi lake na kujifunga kitambaa. Hakuwaagiza wanafunzi wamwoshe yeye kwanza ili wajifunze adabu. Unyenyekevu wake ulishuka kutoka juu kwenda chini. Ukiona mahali unyenyekevu unadaiwa kwa wadogo peke yao, na mkubwa yeye haguswi, ujue si ule wa Yohana 13.

La pili, Petro aliruhusiwa kusema. Alikataa kuoshwa, akajibiwa, akauliza tena, akaeleweshwa. Hakufukuzwa mezani kwa sababu ya kuhoji.

La tatu, aliyefaidika ni aliyeoshwa. Hata Yuda, ambaye Yesu alijua atamsaliti, miguu yake ilioshwa. Huduma ile haikuwa ya kumpatia mwoshaji kura, sadaka wala sifa.

Paulo naye, katika Wafilipi sura ya 2, anaeleza kwamba Kristo alijishusha akawa kama mtumwa. Neno hili mtumwa tusilipite haraka. Sehemu nyingine ni lugha ya mafumbo tu, lakini kwetu lina makaburi na majina ya vitongoji. Frere Town, pale Kisauni, ilianzishwa miaka ya 1870 na wamishonari kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele yake ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni. Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianza kazi mwaka 1846, watoro waliokimbia mabwana zao walikuja kutafuta hifadhi. Sheria ya kuutambua utumwa haikuondolewa katika Pwani hii hadi mwaka 1907. Baadhi ya Wakristo wa kwanza wa Pwani walisikia habari za Yesu wakiwa na makovu ya minyororo.

Watu hao wangeelewa upesi tofauti ninayoitafuta. Mtumwa wa shambani hakujishusha, alishushwa. Yesu hakushushwa na mtu, alijishusha. Ndiyo maana Paulo aliweza kujiita mtumwa wa Kristo bila aibu, na papo hapo akakataa kuonewa. Kule Filipi, walipompiga bila hukumu kisha wakataka kumtoa gerezani kimya kimya, alikataa kutoka mpaka wakuu wenyewe waje. Baadaye akakata rufaa kwa Kaisari. Hata Yesu, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha kofi, ila alimtaka yule askari aeleze kosa ni lipi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mnyenyekevu akadai haki yake. Wazee wetu walilisema kwa maneno matatu: heshima si utumwa.

Sasa tazama lugha yetu ya leo. Mtumwa na mtumishi ni maneno ya shina moja, kutuma. Mtumishi ni yule anayetumika. Siku hizi Mtumishi limekuwa cheo. Mtumishi anafunguliwa mlango wa gari, Mtumishi anabebewa mkoba na Biblia, Mtumishi anakula chumba cha ndani wakati waumini wanangoja nje na sahani. Simaanishi wachungaji wote. Nawajua wanaolala hospitalini na wagonjwa wao na kurudi kwa miguu kwa kukosa nauli. Nasema tu kwamba neno limegeuka, na likigeuka neno, watu hugeuzwa nalo.

Nilijifunza hili nyumbani. Shangazi yangu ana ugonjwa wa presha kwa miaka mingi. Alihamia kanisa dogo karibu na kwake, na mhubiri akamwambia kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani, na kwamba kumbishia aliyepakwa mafuta ni uasi. Shangazi akaacha dawa. Tulipomuuliza alijibu kwa upole, “Mwanangu, mimi nimeamua kunyenyekea.” Ungemjibu nini mtu anayesema hivyo? Tulimsihi, tukanuna, tukamsihi tena. Miguu yake ikaanza kuvimba.

Aliyefungua jambo ni binti yake. Hakubishana. Kila jioni alimletea beseni la maji ya vuguvugu, akamwosha miguu ile huku wakizungumza, na vidonge akaviweka karibu na kikombe cha chai bila neno. Siku moja akamuuliza taratibu, “Mama, kwani yule mhubiri hana miwani?” Miwani anayo, na Biblia haisomi bila hiyo. Shangazi alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaenda kumuuliza mhubiri mwenyewe: kama macho yake yanaruhusiwa msaada, mbona presha yake yeye hairuhusiwi? Hakupewa jibu, ila alikaripiwa mbele ya watu. Alirudi nyumbani, akameza dawa, na Jumapili iliyofuata akarudi kanisa lake la zamani. Yuko hai leo, na bado ni mtu mnyenyekevu kuliko sisi sote.

Pima kisa hicho kwa ile mizani. Mhubiri alidai unyenyekevu, yeye akabaki juu. Swali liliitwa uasi. Na aliyelipa gharama ni mgonjwa. Binti aliinama mwenyewe, hakumlazimisha mtu, na aliyefaidika ni mama yake.

Mizani hiyo hiyo inafaa nyumbani. Wanaume wengi tunaujua kwa moyo mstari wa Waefeso 5 unaowaambia wake watii waume zao. Wachache tunaukumbuka ule unaotangulia, wa 21, unaowaambia Wakristo wote wanyenyekeane wao kwa wao, au ile inayofuata, inayomtaka mume ampende mkewe kiasi cha kujitoa kama Kristo alivyojitoa. Mume anayempiga mkewe kisha akamsomea mstari wa 22 ameruka mistari mingi kuufikia. Mke anayekwenda kwa wazee, kwa chifu au polisi kutafuta usalama hajaacha unyenyekevu.

Na mamlaka je? Maandiko yanatutaka tuheshimu viongozi. Lakini mitume walipokatazwa kuhubiri, walijibu kwamba Mungu hutiiwa kuliko wanadamu. Waberoya nao wanasifiwa katika Matendo 17 kwa kuchunguza Maandiko wenyewe, kila siku, kuona kama aliyohubiri Paulo ni kweli. Kama Paulo alichunguzwa na wakasifiwa waliomchunguza, hakuna mhubiri wa leo aliye mkubwa mno kuulizwa.

Basi mtu asiniambie nawafundisha watu kiburi. Utumishi wa kweli upo kwetu, na hauna kipaza sauti. Nenda matangani uone. Wapo kina mama wanaoamka saa kumi alfajiri kuwasha kuni chini ya masufuria, wapo vijana wanaochimba kaburi juani bila kuuliza marehemu alikuwa wa kabila gani, na wapo majirani Waislamu wanaoleta viti na maji. Hakuna aliyewaamuru. Ukiwashukuru wanaona haya.

Alhamisi Kuu ijayo, nikichaguliwa tena, nitakwenda na miguu yangu ya kawaida, na vumbi la njiani. Kasisi wetu nimeshamwambia. Amecheka, akasema ndivyo anavyotaka.