Homoni ya usingizi na figo zako: Usikimbilie kemisti bado

UKILAZWA kwa maambukizi makali ya bakteria, huenda ukadungwa jentamisini. Ni dawa ya bei nafuu na imeokoa wengi, watoto wachanga wakiwemo. Shida ni kwamba inaweza kuumiza figo.

Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwa damu kila siku, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kubakisha lita moja au mbili za mkojo. Kazi ya kurudisha hufanywa na vijimirija vidogo ajabu, na huko ndiko balaa huanzia. Seli zake huivuta jentamisini ndani na kuirundika. Ikizidi, seli hutoa molekuli kali zinazozila zenyewe kama kutu inavyokula mabati. Sisplatini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1978, nayo huumiza vijimirija hivyo hivyo.

Sasa ingia melatonini, homoni ambayo tezi ndogo ndani ya ubongo hutoa usiku, giza likiingia, kuuambia mwili ni saa ya kulala. (Ndiyo, ile ambayo mwanga wa simu yako saa sita usiku huipunguza.) Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitambua mwaka wa 1958 katika tezi za ng'ombe, na kumbe walikuwa wakisaka tiba ya ugonjwa wa ngozi! Mnamo 1993, watafiti akiwemo Russel Reiter wa Texas walionyesha kuwa inaweza pia kuzima zile molekuli kali.

Tangu hapo, panya wengi wa maabara wamepewa jentamisini au sisplatini pamoja na melatonini. Mara nyingi figo zao ziliumia kidogo kuliko za wenzao waliopewa dawa peke yake. Kreatinini, uchafu ambao figo mbovu hushindwa kuuondoa kwenye damu, haikupanda sana.

Mbona basi madaktari hawaitoi kwa kila mgonjwa? Kwa sababu panya ni panya. Majaribio kwa binadamu ni machache na madogo, na mgonjwa wa saratani anahitaji hakikisho kwamba kinachokinga figo hakikingi uvimbe pia. Kwa sasa anayepewa sisplatini huwekewa dripu ya maji ya chumvi, na wa jentamisini hupimwa kreatinini na kupunguziwa siku za sindano. Si mbinu za kuvutia, lakini zinajulikana.

Kwa hivyo wewe unayemeza diklofenaki kila baada ya mechi, melatonini si kibali cha kuendelea. Diklofenaki huumiza kwa njia nyingine: hupunguza damu inayofika kwenye figo. Na ukifika hospitalini kudungwa jentamisini, mwambie daktari umemeza ngapi wiki hiyo, hata kama unaona haya.