Mashine za kuchongea hutambaa kwa kutoona mbali, si kwa udhaifu wa mota

FUNDI anayetumia kwa mara ya kwanza mashine ya kuchongea inayoendeshwa kwa kompyuta huweza kukutana na jambo la kushangaza. Huiamuru iende kwa kasi ya milimita 3,000 kwa dakika, kisha hukuta kwamba kazi iliyopaswa kukamilika kwa dakika 12 imechukua saa nzima.

Mota hazijaungua. Umeme haujapungua. Kisu ni kikali. Hakuna kilichoharibika, ila mashine inatambaa.

Wengi huhitimisha kwamba mashine ni dhaifu na kuanza kutafuta mkopo wa kununua iliyo kubwa zaidi. Hata hivyo, mara nyingi kasoro haiko kwenye vyuma bali kwenye hesabu: namna kompyuta ya mashine inavyopanga mwendo wa kisu kabla ya kukisogeza.

Suala hili lina uzito katika kaunti za Meru na Embu. Eneo hilo la mashariki mwa Mlima Kenya lina viwanda vya chai kama vile Imenti, Githongo, Kinoro na Michimikuru upande wa Meru, na Mungania na Rukuriri upande wa Embu. Lina pia viwanda vidogo vya kumenya kahawa pamoja na wakulima wanaotegemea pampu za kunyunyizia maji mashamba.

Mitambo yote hiyo huchakaa na kuhitaji vipuri. Karakana ya mjini Meru isiyoweza kuchonga kipuri kwa wakati humpoteza mteja, naye hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Nairobi au kusubiri bidhaa kutoka ng'ambo. Karakana inayochukua mkopo mkubwa kutibu ugonjwa ambao haikuupima nayo huweza kufunga milango.

Kutoka kadi hadi msimbo

Wazo la kuongoza mashine kwa tarakimu si geni. Mmarekani John Parsons alilifikiria alipokuwa akitafuta njia ya kutengeneza mapanga ya helikopta kwa usahihi, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha hadharani mashine ya kwanza ya kuchongea ya aina hiyo. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi.

Kenya nayo ina historia yake. Mradi wa gari la Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986 wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, haukufaulu kuingiza magari sokoni, lakini uliacha karakana zilizogeuka kuwa shirika la Numerical Machining Complex jijini Nairobi. Tangu miaka ya 2010, serikali pia imekuwa ikizipa taasisi za ufundi nchini mitambo ya kisasa kwa mkopo kutoka China.

Siku hizi maagizo huandikwa kwa lugha iitwayo msimbo wa G. Kila mstari huiambia mashine iende wapi na kwa kasi gani. Umbo lenye mapindo, kama vile kielelezo cha mbao cha kusubia pangaboi la pampu, hukatwakatwa na programu kuwa maelfu ya vistari vifupi vilivyonyooka, vingine vikiwa na urefu wa milimita 0.1 tu.

Hapo ndipo tatizo huanzia.

Dereva kwenye ukungu

Ili kulielewa, mfikirie dereva wa matatu anayetoka Embu kwenda Meru. Barabara hiyo hupinda na kuteremka kwenye mabonde ya mito, na baada ya Chuka huteremka hadi daraja la Nithi, mahali panapofahamika kwa ajali.

Dereva anayeona mbali huenda kwa kasi kwenye sehemu iliyonyooka, kwa kuwa anajua kona iko wapi na atahitaji mita ngapi kupunguza mwendo. Ukungu ukishuka akawa haoni zaidi ya hatua chache mbele, hana budi kwenda polepole hata kama barabara imenyooka. Injini yake haijapoteza nguvu. Kilichopungua ni umbali anaouona.

Kompyuta ya mashine hufuata kanuni hiyo hiyo. Haitakiwi kamwe kukipa kisu kasi ambayo haiwezi kuipunguza kabla ya mwisho wa njia inayoijua. Ikikiuka kanuni hii, mota hupoteza hatua, kisu hukata mahali pasipostahili na kazi huharibika.

Hesabu yake ni ya kidato cha pili. Kasi ya juu inayoruhusiwa ni kipeo cha pili cha zao la mbili, uwezo wa mashine wa kupunguza kasi, na umbali unaoonekana mbele. Yaani jibu ni namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa zao hilo.

Chukua mashine inayoweza kuongeza au kupunguza kasi kwa milimita 500 kwa sekunde, kila sekunde. Vistari vya njia yake vina urefu wa milimita 0.1. Ikiwa kompyuta huona kistari kimoja tu mbele, mbili mara 500 mara 0.1 ni 100, na kipeo chake ni 10. Kisu hakitazidi milimita 10 kwa sekunde, sawa na 600 kwa dakika, hata fundi akiandika 3,000.

Kompyuta ikiona vistari 16 mbele, kasi hupanda hadi milimita 40 kwa sekunde. Ikiona 25, hufikia 50, ambazo ndizo 3,000 kwa dakika alizoagiza fundi.

Kwa njia yenye urefu wa mita 36, tofauti hiyo ni saa nzima dhidi ya dakika 12. Mashine ni ile ile, na mota ni zile zile.

Kisu kinachosugua

Hasara haiishii kwenye muda. Kisu chenye meno mawili kinachozunguka mara 12,000 kwa dakika kikisogea kwa kasi ya milimita 3,000, kila jino huondoa unene wa milimita 0.125. Kasi ikishuka hadi 600, jino huondoa milimita 0.025 tu.

Kwa unene huo kisu husugua badala ya kukata. Mbao huungua na kuwa nyeusi, alumini hunata kwenye meno, na kisu ambacho kingedumu kwa kazi nyingi huwa butu mapema. Fundi humlaumu aliyemuuzia kisu, kumbe chanzo ni mpango wa mwendo.

Kupanga kwa kurudi nyuma

Kompyuta hupangaje? Huweka vistari kwenye foleni, kisha huanza na kile cha mwisho. Kwa kuwa haijui kinachofuata baada yake, hudhani kwamba hapo kisu lazima kisimame. Hurudi nyuma kistari baada ya kistari ikiuliza: ili kisu kisimame pale, hapa hakipaswi kuzidi kasi gani? Baada ya hapo huenda mbele ikihakikisha kwamba hakuna mahali ambapo kasi inapanda kuliko mota zinavyoweza.

Katika kila kiungo cha vistari viwili hutazama pia pembe. Kona kali hudai mwendo mdogo, nayo iliyonyooka hupitwa bila breki.

Foleni ikiwa ndefu, hesabu nazo huwa nyingi. Kwa kasi ya milimita 50 kwa sekunde na vistari vya milimita 0.1, mashine humaliza vistari 500 kila sekunde. Kompyuta ina sehemu mbili za elfu ya sekunde kupokea kila kimoja, kukielewa na kukipanga.

Ndiyo maana waandishi wa programu hizi wametafuta njia za mkato. Mojawapo ni kuweka alama kwenye sehemu ya foleni ambayo kasi yake tayari ni bora na haiwezi kuongezwa, ili kompyuta isiirudie kila kistari kipya kinapoingia.

Njia hiyo hutumika katika grbl, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway, ambayo huendesha mashine nyingi ndogo duniani. Toleo lake la 1.1 huweka foleni ya vistari 16 kwenye kijikompyuta chenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 pekee.

Mfano mwingine ni LinuxCNC, programu ya bure yenye asili katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, miaka ya 1990. Kwa muda mrefu ilitazama kistari kimoja tu mbele, na watumiaji waliochonga maumbo ya mapindo walilalamika kwamba mashine zao nzuri zilikuwa zikijikokota. Toleo la 2.7 la mwaka 2015 lilileta mpangaji mpya wa mwendo, uliotokana na kazi ya Robert Ellenberg, unaotazama vistari vingi mbele. Waliokuwa na mashine za zamani waliona mabadiliko bila kununua mota hata moja.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza kwa mwenye karakana ni kupima. Agawanye urefu wa njia unaoonyeshwa na programu kwa muda halisi uliotumika. Jibu likikaribia kasi aliyoagiza, mpango wa mwendo hauna lawama. Likiwa sehemu ndogo tu ya kasi hiyo, basi dawa iko kwenye kompyuta.

Pili, apunguze idadi ya vistari pasipo haja. Duara lenye nusukipenyo cha milimita 20, likiruhusiwa kosa la milimita 0.01, linahitaji vistari vya takriban milimita 1.26. Kulikata kwa vistari vya milimita 0.1 ni kuipa kompyuta kazi zaidi ya mara 12 kwa usahihi ambao hakuna atakayeuona. Inapowezekana, tao liandikwe kama tao, kwa amri za G2 na G3.

Tatu, aangalie amri ya kona. G61 huilazimisha mashine kufuata njia barabara bila kukata kona. Katika LinuxCNC, G64 ikiambatana na P na kiasi cha kosa kinachokubalika huiruhusu kuzungusha kona kidogo na kudumisha mwendo. Kwa kielelezo cha mbao, milimita 0.02 si kitu.

Nne, achunguze waya unaoleta maagizo. Grbl hupokea biti 115,200 kwa sekunde, yaani takriban herufi 11,520. Ikiwa kila mstari una herufi 25, ni mistari 460 pekee inayopita kwa sekunde, ilhali mashine inataka 500. Foleni hukauka, na kisu huanza kusitasita. Kuondoa maelezo na desimali zisizohitajika husaidia.

Tano, abadilishe kidhibiti kabla ya kubadilisha mashine. Vidhibiti vya biti 32 vinavyotumia programu kama grblHAL au FluidNC vina kumbukumbu kubwa na foleni ndefu zaidi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya.

Kuna wanaokimbilia kuongeza uwezo wa mashine wa kubadili kasi. Hilo lifanywe kwa uangalifu. Kuuzidisha maradufu hakuzidishi kasi maradufu, bali huiongeza kwa asilimia 40 hivi, kwa sababu ya kile kipeo cha pili. Wakati huo huo mtikiso huongezeka, mikanda hulegea na chuma kilichochongwa hubaki na mawimbi usoni.

Pasiposaidia

Ni muhimu pia kujua mahali ambapo tiba hii haifai. Mfano mzuri ni rola za mashine za kusagia majani ya chai, ambazo meno yake huwa butu na kuhitaji kuchongwa upya mara kwa mara. Meno hayo hukatwa kwa mikato mirefu isiyo na kona nyingi. Kompyuta huona njia yote, na kinachoamua muda ni ugumu wa chuma na uimara wa kisu.

Vivyo hivyo kwa chuma kigumu kinachopaswa kukatwa polepole. Ikiwa kasi sahihi ni milimita 300 kwa dakika, haina maana kutafuta mpangaji anayeweza kufikisha 3,000. Faida iko kwenye vielelezo vya kusubia, kalibu, maandishi ya kuchongwa na kila kazi yenye uso uliopinda.

Vijana wanaosomea ufundi wa mitambo katika eneo hili, kwenye taasisi kama vile Meru National Polytechnic, wanahitaji maarifa haya sambamba na kuandika msimbo. Anayejua kuandika amri pekee huiona mashine inayotambaa akaitaja kuwa mbovu. Anayejua jinsi kompyuta inavyopanga mwendo humuuliza mwenye karakana maswali matatu: vistari vina urefu gani, kidhibiti huona vingapi mbele, na mashine hupunguza kasi kwa kiasi gani?

Majibu ya maswali hayo hupatikana kwa karatasi, kalamu na saa ya mkononi. Ni vyema yatafutwe kabla mwenye karakana hajatia saini fomu ya mkopo.